Shahada ya Ubongo Chini ya Mlima Meru

Mezani kuna njiti nne za kibiriti. Mtafiti amezipanga kwa umbo fulani, vichwa vikielekea pande tofauti, kisha anamkabidhi mzee aliyeketi mbele yake njiti nyingine nne na kumwomba azipange vivyo hivyo. Mzee ana miaka sabini na kitu. Shule hakwenda na kalamu hajaizoea, lakini kibiriti amekishika maisha yake yote. Akizipanga sawasawa, ule uwezo wa ubongo wa kusoma umbo kwa jicho na kuuagiza mkono ulifuate bado uko imara. Akizivuruga, kuna jambo la kufuatilia.

Kipimo hicho cha njiti kilibuniwa Ibadan, Nigeria. Baadaye kiliingizwa katika kipimo kipana zaidi kiitwacho IDEA, ambacho kilitengenezwa na kujaribiwa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari kutoka Arusha mjini. Waliokiandaa walikuwa watafiti wa Newcastle, Uingereza, wakiwamo Stella-Maria Paddick na Richard Walker, pamoja na wenzao wa hospitali ya KCMC, Moshi, kama Dkt. Sarah Urasa. Walikuwa na tatizo la kweli. Vipimo vya kupoteza kumbukumbu vilivyozoeleka Ulaya humtaka mgonjwa achore uso wa saa, aandike sentensi, ahesabu kutoka 100 akipunguza saba saba. Mpe kipimo hicho bibi wa Machame ambaye hakuketi darasani hata siku moja, na utamwandikia ugonjwa asiokuwa nao. Ndiyo maana IDEA humwuliza mtu mambo anayoyaishi: leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni nini, ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na akumbuke maneno aliyosomewa punde. Mzee wa Hai anayelijua daraja la Kikafu hahitaji kamusi ili kulieleza.

Kazi ya namna hiyo ni sayansi ya ubongo kamili, na imefanyika hapa hapa. Hilo linafaa kusemwa mapema, kwa sababu kijana wa Olasiti, Arusha, mwenye shahada ya kwanza ya baiolojia, famasia, saikolojia au udaktari, anayetaka uzamili au uzamivu wa ubongo na mishipa ya fahamu, kwa kawaida huanza safari yake kwenye simu. Anatafuta majina ya vyuo vya London, Boston na Cape Town, anahesabu ada, anakata tamaa kabla ya chai ya saa nne. Anachokikosa si bidii. Amelianza jambo kwa jina la shahada, wakati angepaswa kulianza kwa swali la utafiti. Na maswali ya ubongo yaliyojaa kati ya Ziwa Eyasi na Kilimanjaro ni mengi kuliko wasimamizi wa kuyasimamia.

Takwimu za Hai zinaonyesha uzito wa eneo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na baada ya marekebisho ya umri ukakuta asilimia 6.4 wana dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri ambao majirani wengi huuita uzee tu. Miaka mitano kabla yake, Catherine Dotchin na wenzake walikuwa wamechapisha matokeo ya kazi ya kupita nyumba kwa nyumba katika eneo hilo hilo lenye watu wapatao 161,000, wakitafuta ugonjwa wa Parkinson. Walipata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba kutetemeka kule kuna jina, sembuse dawa. Dawa kuu ya ugonjwa huo, levodopa, imekuwa ikitumika duniani tangu miaka ya 1960.

Kisha kuna kiharusi. Kati ya 2003 na 2006 timu hiyo ilihesabu kila tukio jipya la kiharusi Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam, na matokeo yakatoka mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na takriban matukio 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na takriban 316. Tofauti ya karibu mara tatu ndani ya nchi moja! Presha, chumvi, uzito, mazoezi, upatikanaji wa vipimo: kila kimoja ni mlango wa tasnifu. Arusha ya leo, ambayo kata zake za pembezoni kama Olasiti, Muriet na Terrat zimegeuka kutoka mashamba na malisho kuwa mitaa ya nyumba za kupanga, iko katikati ya safari hiyo kutoka maisha ya Hai kwenda maisha ya Dar. Mwanafunzi anayetaka kujua mji unaufanyia nini mshipa wa damu wa kichwani angepata shida kupata mahali pazuri pa kuuliza kuliko hapa.

Upande wa magharibi kuna habari nyingine. Haydom, hospitali ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 huko Mbulu, wakati ule ikiwa ndani ya mipaka iliyokuja kuwa Mkoa wa Arusha na sasa ikiwa Manyara, ndiko daktari wa neva kutoka Ujerumani, Andrea Winkler, alikojenga utafiti wake wa kifafa. Sehemu ya kifafa hicho chanzo chake ni tegu wa nguruwe. Hapa wapenzi wa kitimoto, ambao Arusha wamejaa, wasikie vizuri, kwa maana jambo hili hueleweka vibaya. Anayekula nyama yenye vifuko vya tegu bila kuiva hupata tegu tumboni. Lakini vifuko vya kichwani humpata mtu anayemeza mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha mwenye tegu: mikono isiyonawiwa, mboga iliyomwagiliwa maji machafu, choo kisichokuwapo. Kwa hiyo mtu asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuanguka kifafa kwa sababu ya jirani anayemla. Kule Mbulu, Profesa Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) alifanya utafiti wa nguruwe wenyewe na elimu kwa wafugaji. Wachuuzi huko tayari wanajua kumfungua nguruwe mdomo na kumpapasa ulimi kutafuta vinundu. Mtafiti mwerevu huanzia kwenye ujuzi huo.

Daktari wa mifugo, daktari wa neva, mtaalamu wa vyoo na mwalimu wa afya, wote juu ya ugonjwa mmoja wa ubongo. Hakuna idara moja ya chuo inayowabeba wote wanne, na hiyo ni sababu mojawapo ya shahada yenye jina la sayansi ya ubongo kuwa adimu katika vyuo vya Tanzania ilhali kazi yenyewe ipo tele. Imetawanyika. Ipo chini ya tiba, chini ya afya ya jamii, chini ya mifugo, chini ya lishe.

Mfano ulio bora kuliko yote unatoka Mara. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa vijiji vya Tarime walianza kupooza miguu ghafla, wengi wao watoto na wanawake. Madaktari walioufuatilia mkasa huo, akiwamo William Howlett, mtaalamu wa neva aliyefanya kazi miaka mingi KCMC, waliuhusisha na muhogo mchungu uliosindikwa haraka haraka kwa sababu ya njaa, ukabaki na sianidi, tena ukaliwa bila protini ya kutosha kuivunja sumu. Ugonjwa huitwa konzo. Makala yao ilichapishwa mwaka 1990 katika Brain, mojawapo ya majarida makongwe ya neva duniani. Miongoni mwa waandishi wanne alikuwamo Mtanzania, Nicholas Mlingi, kutoka taasisi ya chakula na lishe, na pia Msweden Hans Rosling, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa mihadhara yake ya takwimu. Mlingi aliendelea na swali hilo la usindikaji wa muhogo na sianidi mpaka akapata uzamivu mwaka 1995. Aliupata Uppsala, Sweden.

Swali la Tarime, shahada ya Uppsala. Hakuna ubaya katika hilo kwa mtu mmoja, na Sweden ilifanya wema. Ila ukiutazama mpangilio huo kwa miaka arobaini, unaona kitu kinachoudhi. Wahadza wa Eyasi, wawindaji na wakusanyaji wasiozidi watu elfu moja na mia chache, wamevalishwa vifaa vya mkononi vya kupima usingizi. Kundi la Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilieleza mwaka 2015 kwamba Wahadza, pamoja na jamii mbili za Namibia na Bolivia, hulala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, kwa hiyo dai kwamba binadamu wa kale alilala saa nane mpaka umeme ulipomharibia likatikiswa. Mwaka 2017 David Samson na wenzake wakaonyesha jambo tamu zaidi: katika siku 20 za kuwapima Wahadza watu wazima 33, wote walikuwa wamelala kwa pamoja kwa dakika 18 tu. Karibu kila wakati wa usiku kulikuwa na mtu macho, vijana wakichelewa kulala na wazee wakiwahi kuamka. Kundi lilikuwa na zamu ya ulinzi bila kumpanga mlinzi.

Ni ugunduzi mzuri, na unasomwa katika madarasa ya usingizi duniani kote. Eyasi iko mkoani Arusha, lakini ni wanafunzi wangapi wa uzamivu wa Arusha waliotokana nao? Mkoa huu umekuwa shamba, ghala likiwa kwingine.

Ghala lingeweza kujengwa, na sehemu ya kuta zake zimesimama. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Tengeru, ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011 katika eneo lililokuwa la CAMARTEC, na ilianzishwa mahususi kwa uzamili na uzamivu. Ina shule ya sayansi za maisha na uhandisi wa kibaiolojia. Mkazi wa Olasiti, upande wa magharibi wa jiji karibu na uwanja mdogo wa ndege, hupanda kifodi hadi mjini, akabadili gari la Tengeru au Usa River, akafika. Moshi kuna KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na chuo chake kikuu cha tiba, chenye wagonjwa wa neva wengi na watafiti waliokwishachapisha. Njiro, Arusha penyewe, ndiko yaliko makao ya COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho miongoni mwa mitihani yake ni ule wa upasuaji wa ubongo. Watu wengi hupita nje ya geti lake wakielekea sokoni bila kujua kwamba makao ya chuo kinachowatahini wapasuaji wa ubongo wa nchi nyingi za ukanda huu yako mtaani kwao.

Kinachokosekana kwanza ni wasimamizi. Uzamivu si ada, ni mtu: profesa mwenye muda, mwenye swali, mwenye kusoma rasimu yako na kuirudisha ikiwa nyekundu. Makala ya mwaka 2021 katika Nature Communications, iliyoandikwa na Mahmoud Bukar Maina wa Nigeria na wenzake, ilihesabu machapisho ya sayansi ya ubongo ya Afrika kati ya 1996 na 2017 yaliyoongozwa na Waafrika walio barani. Yalikuwa zaidi kidogo ya 5,000 kwa miaka ishirini na mbili. Misri peke yake ilikuwa na zaidi ya robo, Afrika Kusini ikafuata, kisha Nigeria, Morocco na Tunisia. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki katika tano hizo, ingawa Chama cha Wanasayansi wa Neva wa Afrika, SONA, kilizaliwa Nairobi mwaka 1993. Tulikuwa wenyeji wa kikao, wenzetu wakaondoka na kazi.

Wapo wanaosema tatizo ni mashine. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Bila mashine ya MRI karibu, hutapiga picha za ubongo unaofikiri, na anayetaka kazi hiyo lazima asafiri, hakuna haja ya kumdanganya. Lakini mwaka 2011 Sadiq Yusuf, Lucia Prieto-Godino na Tom Baden, waanzilishi wa shirika la TReND in Africa, waliendesha mafunzo ya neva katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, tawi la Ishaka, magharibi mwa Uganda, wakitumia vijinzi vya matunda. Vijinzi vile vile vinavyozunguka mkungu wa ndizi mbivu pale Soko la Kilombero. Havina gharama, huzaana kwa siku kumi hivi, na jeni zao nyingi za msingi zinafanana na zetu. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Nobel kwa kuutambua utaratibu wa saa ya mwili, na mnyama wao alikuwa kijinzi huyo. SUA nako Morogoro, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu ya ushujaa mwaka 2020. Kumfundisha panya aitofautishe harufu moja na nyingine, kwa mlio mdogo na kipande cha ndizi, ni somo la msingi la jinsi ubongo unavyojifunza. Maabara ya aina hiyo inahitaji uvumilivu kuliko mabilioni.

Hata upasuaji, ambao kila mtu huudhania ni kazi ya vyumba vya kioo, una simulizi lake hapa. Mwaka 2006 Dilan Ellegala, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alifika Haydom wakati nchi nzima ikiwa na wapasuaji wa ubongo wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Badala ya kufanya yeye kila kitu na kuondoka, alimfundisha tabibu wa pale, Emmanuel Mayegga, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari, mpaka akaweza kufungua fuvu na kutoa damu iliyoganda. Mayegga naye akamfundisha mwingine, kisha akaenda kusomea udaktari. Waandishi wa habari walikipenda kisa hicho, na mwaka 2017 kikatoka kitabu kizima. Wapo madaktari waliokuwa na wasiwasi juu ya usalama wa njia hiyo, na wasiwasi wao si wa kupuuzwa. Lakini kama njia ya kuzalisha wataalamu, kufundisha mtu atakayefundisha ni bora kuliko ziara za wiki mbili mbili ambazo hospitali zetu zimezizoea.

Pengo lililo gumu zaidi kuziba ni la fedha, na ndani yake mna umiliki. Chukua majeraha ya kichwa. Kila mtu Arusha ana ndugu au jirani aliyeanguka na bodaboda. KCMC na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, wakiongozwa na watu kama Catherine Staton na Profesa Blandina Mmbaga, wamefuatilia majeruhi hao kwa zaidi ya miaka kumi, na humo ukazaliwa mpango wenye jina zuri la Kiswahili, Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambapo muuguzi huzungumza kwa kifupi na majeruhi mnywaji akiwa bado hospitalini na ujumbe wa simu ukaendeleza mazungumzo. Kazi ni ya pamoja na ni nzuri. Lakini fedha za tafiti kama hizo kwa sehemu kubwa hutoka serikali ya Marekani, na Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, NIH, zilitangaza kusimamisha utaratibu wa kupitisha fungu kwa washirika wa nje kupitia chuo cha Marekani. Tangazo moja la Maryland, na mwanafunzi wa Moshi anaanza kujiuliza kama tasnifu yake itakwisha. Nchi isiyoweka shilingi yake katika swali haiwezi kulilinda swali hilo.

Swali gani basi liwekwe mbele? Mkazi wa Arusha analibeba mdomoni. Meno ya kahawia yanamtambulisha mtu wa huku akiwa Mwanza au Mtwara kabla hajataja kwao. Ni floridi, inayotoka katika miamba ya volkano ya Meru na kuyeyuka katika maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa muda mrefu ilivumilia hadi 8, ikashusha kuwa 4, na sasa kiwango chake ni 1.5. Katika baadhi ya vyanzo vya upande wa Ngarenanyuki maji hupita miligramu 10 bila taabu. Kuhusu meno na mifupa iliyopinda, utafiti upo tangu zamani, na Dkt. Askwar Hilonga wa Nelson Mandela alishinda tuzo ya kwanza ya uvumbuzi wa uhandisi barani Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake la maji.

Lakini Agosti 2024 mpango wa taifa wa sumu wa Marekani, NTP, ulihitimisha, kwa kiwango ulichokiita cha uhakika wa wastani, kwamba floridi inayozidi 1.5 katika maji ya kunywa inahusiana na akili ndogo kwa watoto. Nchi zilizotajwa kuwa chimbuko la tafiti hizo ni Canada, China, India, Iran, Pakistan na Mexico. Tanzania haikutajwa, nayo ina watu waliokunywa maji hayo kwa vizazi.

Hapa ndipo mwanafunzi wa uzamivu anapohitajika, na ndipo ugumu wa kazi unapoonekana. Haitoshi kuwapima watoto wa Ngarenanyuki na wa Olasiti, ukalinganisha. Olasiti ina shule nyingi zaidi, umeme, na wazazi wenye biashara. Tofauti utakayoipata inaweza kuwa ya umaskini ikavaa koti la floridi. Lazima upate vijiji vinavyofanana kwa kila kitu isipokuwa chanzo cha maji, na kwenye miteremko ya Meru vipo, kwa sababu chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana sana. Lazima upime mkojo, usipime maji peke yake, kwa kuwa magadi yanayolainisha maharage na makande nayo yana floridi, na mama mmoja hutia kijiko ambapo mwenzake hutia punje. Lazima uchunguze upungufu wa madini ya chuma na wa madini joto, ambao nao huudhoofisha ubongo wa mtoto. Ingefaa uanze na mama mjamzito, maana ubongo huanza kujengwa kabla ya jino. Na vipimo vya akili vya mtoto viwe vya hapa, kama vile watu wa Hai walivyoziona njiti za kibiriti zinafaa kuliko kalamu. Kuna pia suala la maadili lisilokwepeka: ukigundua kisima cha kijiji kina miligramu 12, utawaambia lini, na utawapa maji gani? Bodi za maadili za vyuo na ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, zitauliza hivyo, na zitakuwa na haki.

Saa inakimbia pia. Mradi mkubwa wa maji wa jiji la Arusha, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeleta maji ya visima vipya vyenye nafuu katika kata nyingi. Kwa afya ni baraka tupu. Kwa mtafiti maana yake ni kwamba kuna watoto waliozaliwa kabla na watoto waliozaliwa baada, katika mtaa mmoja, mara nyingine katika nyumba moja. Ulinganisho wa namna hiyo hautengenezwi kwa fedha, na dirisha lake hufungwa kadiri wale wa kwanza wanavyokua.

Anayetaka kusomea molekuli za neva au picha za ubongo aende nje, akapate mshahara wa mwanafunzi ambao vyuo vya Marekani hulipa kwa miaka mitano au sita, arudi akiweza. Lakini maswali haya ya Meru, Hai, Mbulu na Eyasi hayana sababu ya kuzaa shahada ugenini. Nelson Mandela ina maabara za maji na kemia pamoja na mamlaka ya kutoa uzamivu. KCMC ina wagonjwa, madaktari wa neva na vipimo vilivyothibitishwa. Kilomita 70 hivi kati ya Tengeru na Moshi ni fupi kuliko foleni ya makaratasi inayozitenganisha taasisi hizo mbili. Wakuu wake wakae meza moja, waandike programu ya pamoja ya uzamivu wa sayansi ya ubongo, waanze na wanafunzi wanne tu, na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, iwalipie hao wanne kwa fedha za ndani.

Na kijana wa Olasiti asingoje programu itangazwe. Kitabu cha Howlett, Neurology in Africa, toleo la mwaka 2012, kilitolewa na Chuo Kikuu cha Bergen kikiwa bure kupakua. Akisome, achague ukurasa mmoja unaomkera, aandike swali lake kwa kurasa mbili, aende nalo Tengeru au Moshi kwa mtu mwenye jina. Wasimamizi ni wachache, na hao wachache huwa na muda zaidi kwa anayekuja na swali kuliko kwa anayekuja kuuliza fomu.